Picha za makauboi weusi, na mjomba aliyenivalia suti

mpiga_picha_Dom
Mbukwa wakuu! Nina kamera na lenzi ya milimita 50, kila Jumamosi nashinda mnada wa ng'ombe Msalato, hapa Dodoma. Tangu nione picha za makauboi weusi wa rodeo, yale mashindano ya makauboi ya Marekani, sina raha. Mtu yuko juu ya farasi, pama kichwani, anakutazama kama anakudai. Nilijua kauboi ni mzungu wa kibanda umiza tu! Kumbe baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, inakadiriwa kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi, wengi wametoka utumwani.

Nikaenda Bahi kumpiga picha mjomba, mfugaji, vilevile. Saa saba mchana, kivuli cha pama kikameza uso, naona kidevu tu. Tena aliposikia picha akaingia ndani, akatoka na suti ya harusi ya mwanawe. Fimbo na mgolole kaficha. Nifanyeje?

Kongwa_kwetu
Saa saba, Bahi? Unapiga picha au unakausha mboga? Rudi saa kumi na moja. Ukishindwa, jua liwe mgongoni kwake, utandike mfuko mweupe wa sulfeti miguuni, mwanga umrudie usoni. Pima mwanga shavuni. Anga likiungua, likawa jeupe tupu, liungue.

Mama_Zabibu
Mwanangu, mwache na suti yake. Mtazame kauboi Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee mwaka 1854. Kwenye ile picha yake maarufu kasimama na bunduki, tandiko liko chini, pama imekaa upande. Kajipamba huyo! Nani kakwambia mjomba akichakaa ndiyo asili?

ng'ombe_kumi
Mimi namtaka kauboi Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870. Aliona mbwa wanavyomng'ata ng'ombe mdomo akatulia, naye akaruka toka kwenye farasi, akashika pembe, akang'ata. Ndipo ulipotoka mchezo wa kuangusha madume kwenye rodeo. Ajaribu kwa madume ya Msalato.

mpiga_picha_Dom
Mrejesho. Nilirudi jioni, suti ileile, tai imepinda. Nimetandika sulfeti, mara ndama akaponyoka zizini. Mzee akachomoa fimbo darini, akamzungukia na viatu vya harusi, akamrudisha, akasimama mlangoni anahema. Nikabonyeza hapo hapo. Mikunjo yote ya uso imeonekana, na vumbi kwenye koti.

Sasa anataka kubwa, ya kioo, itundikwe sebuleni. Fremu nilipe mimi.