Changu akitoka kwenye friza anamwaga maji na nyama inalegea, tatizo liko wapi?

Mwana_Mshipi:
Kwetu kuvua kwa mshipi ni kazi ya ukoo, na samaki wanaobaki tunawagandisha nyumbani. Changu akiyeyuka anatoa maji mengi na nyama haina nguvu. Vibua, baada ya miezi michache, wananuka mafuta yaliyokaa. Friza inasoma −18. Turekebishe nini?

Fundi_Baridi:
−18 inatosha kutunza, ila haigandishi haraka ukiijaza samaki wa vuguvugu. Samaki akikawia kati ya nyuzi 0 na −5, chembe za barafu hukua na kupasua nyama kwa ndani, na maji yake ndiyo hayo unayoyaona. Usiingize zaidi ya kilo 1 kwa kila lita 30 za friza kwa siku. Watandaze safu moja kwenye trei ya bati wasigusane, uwarundike wakishakuwa wagumu hadi katikati.

Nahodha_Mzee:
Mwanangu, anzeni chomboni. Samaki akitoka tu, mkate mashavu damu imtoke, kisha mzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Barafu peke yake bila maji humgusa huku na kule tu. Maji humkumbatia mwili mzima. Kwa vibua na jodari hakuna mjadala: wakipigwa jua, bakteria hutengeneza histamini, na sumu hiyo haitolewi na friza wala moto. Tena samaki aliyekakamaa msimnyooshe kwa nguvu, nyama inachanika.

Mdogo ambaye hajawahi kutaga mrudisheni, mikono ikiwa imelowa, bila kumshika mashavuni. Na kama friza ni ya lita 200, basi kilo 6 za siku zikitimia kunjeni mishipi.

Mama_Minofu:
Shikamoo Nahodha. Niongezee hapo kwenye vibua: mafuta yao huharibiwa na hewa hata wakiwa wameganda. Akishakuwa mgumu, mchovye sekunde chache kwenye maji ya baridi kali, mrudishe kwenye friza, rudia mara 3 au 4 hadi avae ngozi ya barafu inayong'aa. Mfunge kwenye mfuko uliokamuliwa hewa. Ngozi ikipasuka, chovya upya. Hata hivyo vibua wasizidi miezi 3. Changu hufika 6.

Kuyeyusha ni ndani ya friji, usiku kucha. Mfuko ulionyonywa hewa kwa mashine utobolewe kwanza, maana kuna bakteria wa sumu kali wanaostawi pasipo hewa, hata kwenye baridi ya friji.