Bakuli la manjano lenye joka: ni la ikulu ya China kweli?

Mjukuu wa Area C: Wakuu habari. Marehemu bibi katuachia bakuli la manjano lenye majoka ya kijani, chini lina herufi sita za Kichina za buluu. Miaka yote tulipakulia mlenda humo. Juzi kijana wa simu pale Majengo kazisoma kwa programu, zikatoka "Guangxu". Mjomba kalifungia kabatini, mlenda sasa tunapakulia kwenye plastiki! Nisaidieni.

Mzee wa Kauri: Mjukuu, Guangxu ni mfalme wa China aliyetawala 1875 hadi 1908, na vyombo vya ikulu vilichomwa Jingdezhen, jimbo la Jiangxi. Rangi nazo zilikwenda kwa cheo: manjano ndani na nje ni ya malkia, manjano yenye joka la kijani ni ya wake wa ngazi za chini yake. Kwa hiyo mtindo upo kweli. Ila chapa, yaani hizo herufi za chini, haithibitishi kitu, Wachina wamenakili chapa za wafalme wao karne na karne. Hesabu kucha za joka, la ikulu lina tano kila mguu. Halafu chukua lensi: ukiona vidoti kama vya picha ya gazeti, hiyo ni stika ya kiwandani.

Mama Ntyuka: Na msilisugue kwa stiliwaya jamani, rangi itachubuka.

Mjukuu wa Area C: Kucha tano, vidoti sioni. Mjomba nisimwambie kwanza, au?

Mzee wa Kauri: Usimwambie. Piga picha ukingo wa chini, ulipo udongo mtupu, utume hapa.