Gereji imenila laki tano na thelathini hapa Mbeya, taa imewaka tena na klachi inateleza vilevile

Wakuu salaam. Walioko Mbeya, ugonile. Naandika nina hasira, mkikuta nimechanganya mambo mtanivumilia, ila sifuti neno.

Nina Probox manyuo, injini 1NZ, ile ya 1500. Kazi yake ni moja: nachukua ndizi Kiwira nashusha Mwanjelwa. Anayeijua hiyo njia anajua kwamba kutoka Kiwira hadi Isyonje ni kupanda tu, ukungu na baridi, ndipo unaanza kumwagika kuelekea Igawilo na Uyole. Gari lenye ugonjwa haliwezi kujificha pale.

Mwezi uliopita nimepakia mikungu hadi darini, kiti cha mbele nimembeba mama mmoja mwenye sehemu ya mzigo. Karibu na Isyonje gari likaanza kutetemeka na taa ya injini ikaanza kupepesa. Sikilizeni vizuri, kupepesa, si kuwaka ikatulia. Nikakanyaga mafuta. Mara injini ikapiga kelele, mshale wa mizunguko ukaruka kutoka 2,500 hadi 4,000, spidi imebaki 35 ileile. Harufu ikaingia ndani. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huko nje kuna mtu anachoma kwato?"

Hakuna aliyekuwa anachoma kwato. Ilikuwa klachi yangu.

Kesho yake nikaenda gereji moja ya mjini, siitaji, lakini si ya chini ya mti. Ina geti, ina mashine ya kupimia, ina kijana wa kukufungulia mlango. Wakachomeka mashine kwenye soketi ya chini ya usukani, zikatoka kodi mbili (namba za hitilafu, si za TRA, tulieni): P0301 na P0171. Fundi mkuu akaitazama skrini kama daktari, akasema, "Bosi, oksijeni sensa imekufa. Na klachi imeisha, ndiyo inayowasha hiyo taa."

Mimi nikakubali. Hapo lawama ni yangu, nisiwafiche.

Hesabu ilikuwa hivi: kupima 30,000, sensa 140,000, kuifunga 20,000, seti ya klachi (pleti, presha pleti na rilizi beringi) 260,000, ufundi wa kushusha gia boksi 80,000. Jumla 530,000. Nililipa kwa simu. Risiti nikaambiwa mashine haina mtandao.

Siku ya kuchukua gari taa imezimika, moyo ukatulia. Nilifika Igawilo tu, ikawaka. Baadaye ndiyo nikajua walifuta kodi, hawakuondoa ugonjwa. Hata ukichomoa waya wa betri kwenye gari kama hili taa inazimika, halafu ukiendesha kidogo kompyuta inaliona tatizo upya na kuiwasha. Na wapo mafundi wabaya zaidi wanaotoa kabisa balbu ya hiyo taa kabla gari halijauzwa, kwa hiyo ukienda kununua gari fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, ondoka.

Nikarudi. Wakaniambia, "Bosi, Mbeya ni juu, hewa nyepesi, gari zote huku zinakosa nguvu." Jamani! Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, ni kweli injini isiyo na turbo (ile ya kuisukumia hewa) inapoteza nguvu kiasi. Lakini hiyo hewa nyepesi inapuliza Probox yangu peke yake? Na tangu lini hewa ikafanya injini iimbe huku spidi imebaki palepale?

Wiki tatu baadaye nipo Isyonje tena, mzigo uleule, klachi MPYA, mshale unapanda, spidi haipandi. Kwato zinaungua.

Safari hii wakasema watashusha gia boksi, wasugue pleti kwa msasa na kuiosha kwa petroli, niongeze 50,000. Nikaondoa gari langu.

Jamaa yangu akanielekeza kwa kijana mmoja Mbalizi. Hana geti. Ana kifaa kidogo kinachochomekwa palepale chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Zikatoka kodi zilezile mbili. Lakini yeye hakukimbilia dukani. Akaniambia, "Kaka, P0301 ni silinda namba moja inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Hiyo tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Haijasema ni plagi, koili inayoipa plagi umeme, au nozeli ya mafuta. Tuiulize."

Akachukua spana namba 10, akafungua koili ya silinda ya kwanza na ya tatu, boliti mojamoja, akazibadilishana. Akafuta kodi, tukaenda kuzunguka na gari. Kabla hatujarudi taa ikawaka. Akanipa simu nisome mwenyewe: P0303. Ugonjwa umehama na koili. Kazi nzima haikufika nusu saa, na hakuna kitu kilichonunuliwa bado. Koili ya mtumba 45,000, injini ikatulia kama inalala.

Na ile sensa ya 140,000? Huyu kijana ndiye aliyenielewesha. Silinda isipochoma, hewa yake inatoka nzima kwenye ekzosi, oksijeni na vyote. Sensa inaikuta hiyo oksijeni, inaripoti kwamba mafuta ni machache kuliko hewa, na ndiyo P0171. Yaani sensa ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Ni mlinzi aliyepiga yowe alipoona mwizi, wao wakamfukuza kazi mlinzi. Ile ya kwangu ya zamani sijarudishiwa hadi leo, na nina hakika inafanya kazi kwenye gari la mtu.

Kuhusu taa kupepesa, nilimweleza kwamba kule gereji waliniambia "endesha tu bosi." Akatikisa kichwa. Taa ikipepesa maana yake injini inamisi kiasi cha kupeleka mafuta mabichi kwenye masega (kile kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi), yanawakia humo humo, masega yanayeyuka. Unapunguza mwendo, unaacha kukanyaga, ikiwezekana unasimama. Mimi nilipanda nayo mlima na mikungu darini.

Sasa klachi, ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Kwanza ile kauli kwamba klachi ndiyo iliyowasha taa. Uongo. Hakuna sensa inayopima unene wa pleti kwenye gari hili. Nilikuwa na magonjwa mawili yaliyokutana mlimani, na dalili zake hazifanani hata kidogo. Injini ikimisi, inatetemeka na mshale unapanda kwa taabu. Klachi ikiteleza, injini inaimba laini kabisa, mshale unapanda upesi, gari ndilo linabaki nyuma. Mtu wa gereji yenye geti hajui hilo?

Pili, hawakuipima. Kijana wa Mbalizi alianza na pedali, akaibonyeza kwa kidole kuona kama ina uchezaji kidogo juu, maana pedali ikikosa uchezaji beringi inakaa imeisukuma presha pleti muda wote na hata klachi isiyo na ubovu itateleza. Hilo linarekebishwa bila kushusha kitu. Ya kwangu ilikuwa sawa. Kisha akafunga hendibreki, akaweka mawe kwenye matairi, akaingiza gia ya nne, akapandisha injini kidogo na kuachia klachi. Injini ilitakiwa izime palepale. Haikuzima, ikaendelea kuunguruma. Mara moja tu, akaacha, kwa sababu kurudiarudia ni kuichoma zaidi.

Ndipo akaniuliza, "Pleti ya zamani uliiona?"

Niliiona. Tena niliipiga picha kule gereji siku ya kwanza, ili nimwonyeshe mke wangu pesa imeenda wapi. Nikaifungua picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akacheka kicheko kifupi, kile cha kumhurumia mtu. Pleti ilikuwa nyeusi, inang'aa, imeloa. Unene wake bado ulikuwepo, vichwa vya ribiti viko chini kabisa. "Kaka, hii haikuisha. Hii ilinyweshwa oili."

Aliposhusha gia boksi nilikuwa nimechuchumaa pembeni na tochi. Chini ya flaiwili (gurudumu la nyuma ya injini ambalo pleti inabanwa juu yake) kuna mchirizi wa oili umeshika vumbi jekundu la zamani, juu yake mchirizi mpya, mwembamba, unang'aa. Sili ya nyuma ya kranki, ile ya kuzuia oili ya injini isitoke, inavuja. Ile ya zamani, haijaguswa. Pleti yao mpya ya wiki tatu imeloa kama mama yake.

Sili ni 25,000, wakuu. Elfu ishirini na tano! Wameshusha gia boksi, flaiwili iko mbele ya macho yao, oili inawatazama, wakafunga pleti mpya juu yake na kunipungia mkono. Na ule msasa na petroli waliotaka kuniuzia ulikuwa wa kupoteza muda, pleti ikishanyonya oili haisafishiki, ukiipasha moto mlimani inaitoa tena.

Nimelipa sili 25,000, pleti 110,000, ufundi 70,000 na ile koili. Laki mbili na nusu. Jana nimepanda Isyonje na mzigo kamili, gia ya pili, mshale na spidi vinaongozana. Kijana wa Mbalizi, ndaga fijo, asante sana.

Jumamosi saa nne narudi kwenye geti. Nina picha ya siku ya kwanza yenye tarehe, pleti yao iliyoloa ipo kwenye kiroba, miamala ya simu ipo na jina la mpokeaji, na kijana amekubali kuja kusema alichokikuta. Nataka nirudishiwe pesa ya ufundi wa klachi, ya pleti, na ya ile sensa na ufungaji wake. Wakigoma naelekea Mahakama ya Mwanzo. Kama kuna aliyewahi kudai gereji huko, aniambie aliingia na nini mkononi, na kama kukosa risiti kulimwangusha.

Atakayekuja kuniambia niuze Probox ninunue IST, apite tu.