Naomba ushauri: picha ya kuchonga kwenye muhuri wa raba

Muuza Njugu, Kisumu
Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi hukaanga njugu na kuziuza katika mifuko ya kaki, na badala ya kulipia stika nimeanza kuchonga mihuri mwenyewe kwa raba kubwa za kufutia penseli. Kushika wembe nimezoea. Kinachonishinda ni picha. Wiki jana nilichukua picha ya ngege (samaki aina ya tilapia) mtandaoni, nikaandika KISUMU chini yake, nikaigeuza kushoto-kulia kwenye simu kwa kuwa nimesikia kwamba muhuri huchongwa kinyume. Niliichapisha kwenye karatasi katika saiba (duka la intaneti), nikailaza kifudifudi juu ya raba na kuihamisha kwa maji ya kuondolea rangi ya kucha. Nilipogonga mfuko wa kwanza nilisoma UMUSIK, K na S zikiwa zimetazama nyuma, na magamba yote yamezama katika wino kana kwamba samaki ameungua. Nilikosea wapi?

Fundi wa Kibuye
Dada, hesabu mageuzo. Picha inapotoka kwenye karatasi iliyolazwa kifudifudi hadi kwenye raba, inageuka mara ya kwanza. Inapotoka kwenye raba hadi kwenye mfuko, inageuka mara ya pili na kurudi ilivyokuwa. Wewe uliongeza geuzo la tatu kwenye simu, na hilo ndilo lililokuharibia. Kugeuza mapema kunahitajika tu ikiwa utachora kwa kalamu moja kwa moja juu ya raba, au utagundisha karatasi ikiwa imetazama juu kisha ukate ukiipitia.

Njia yako ya maji ya kucha ni nzuri, mradi nakala iwe ya fotokopi au printa ya wino wa unga, kwa maana wino wa maji hautahama vizuri. Lowesha pamba kidogo tu, ukandamize mgongo wa karatasi kwa kijiko bila kuisogeza, na ujaribu kwanza kwenye kona, kwa sababu raba nyingine hulainika na kunata. Fungua dirisha. Ukiona harufu inakusumbua, chora upya kwa penseli laini ya 2B kwenye karatasi nyembamba, uilaze kifudifudi na kuisugua kwa ukucha. Mageuzo ni yale yale mawili.

Mwalimu wa Sanaa, Nakuru
Fundi amemaliza suala la kugeuza, nami naomba nizungumzie yale magamba, kwa sababu hata herufi zingekaa sawa samaki wako bado angetoka doa. Picha ya simu ina kijivu cha kila namna, ilhali muhuri haujui kijivu: mahali pana wino au hapana. Kwa hiyo ongeza utofauti wa mwanga na giza kwenye simu hadi kijivu kiishe, uone ni nini kimebaki. Kisha punguza picha ifikie ukubwa halisi wa muhuri kabla ya kuamua ubakishe nini (fotokopi ya asilimia 71 hutoa A5 kutoka A4), na uichore upya kwa kalamu nene ya wino. Mstari ambao kalamu hiyo haiwezi kuuchora, wembe wako pia hautauweza. Mimi huwakataza wanafunzi mistari iliyo chini ya milimita moja, tangu walipochonga flamingo wa ziwa letu wenye miguu kama nywele, ikakatika yote siku hiyo hiyo.

Magamba usiyachonge yote. Safu mbili au tatu chini ya mgongo zinatosha, na tumbo liache jeupe. Mnunuzi atamtambua ngege kwa umbo lake: mwili mpana na pezi la mgongoni refu lisilokatika, lenye miiba upande wa mbele. Ukilichonga pezi hilo likiwa karibu kugawanyika vipande viwili, na mkia ukauviringa, watu wa Kisumu watakuambia huyo ni mbuta (sangara).

Msomaji wa Kakamega
Naongeza moja ambalo hukuuliza. Picha ya mtandaoni ina mwenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mchoro hulindwa maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na wewe unauza bidhaa. Michoro ya kale iko huru, kama ndege waliochongwa kwenye mbao na Mwingereza Thomas Bewick, aliyefariki mwaka 1828, ingawa mistari yake ni myembamba mno kwa raba. Nunua ngege, mlaze kando ya dirisha mwanga umpige ubavuni, umpige picha mwenyewe. Kisha mpike.

Kijana wa Kondele
Soli ya ndala inafaa badala ya raba?

Fundi wa Kibuye
Kwa maumbo makubwa tu. Ina vitundu vya hewa, na vitundu hivyo huacha madoa meupe katika wino.

Muuza Njugu, Kisumu
Nawashukuru wote. Nilinunua ngege ufuoni Dunga asubuhi, nikampiga picha juu ya gunia jeupe la unga, na sasa KISUMU inasomeka. Tatizo lililobaki ni S, ambayo matumbo yake yamejaa wino. Herufi zangu zina urefu wa milimita 5.

Mwalimu wa Sanaa, Nakuru
Zipandishe hadi 8, na S uichore kwa pembe kama Z iliyogeuzwa. Wembe haupendi kona za mviringo.