MREJESHO: Tablacha za gitaa la besi

Wakuu, niliuliza kwa nini mistari minne ya tablacha (maandishi ya muziki yanayoonyesha kwa namba pa kushika nyuzi) inaonekana imepinduliwa. Nimeelewa sasa. Mstari wa chini kabisa ni uzi mnene, uitwao E, kisha A, D, na G juu. Lipakate gitaa uchungulie nyuzi kutoka juu, utaona zinaoana. Namba ni freti (vijiti vya chuma kwenye shingo ya gitaa), 0 ni uzi usioshikwa, x ni uzi uliozimwa. Na 5 kwenye E inatoa sauti ileile ya 0 kwenye A, kwa hiyo hata kutyuni (kulinganisha sauti za nyuzi) nimepata humo humo.

Kinachonisumbua bado ni muda: tablacha nyingi za bure hazisemi noti idumu kiasi gani, lazima usikilize wimbo kwanza. Aliyenishauri metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, asante. Majirani hawakushukuru.