Acheni kuiita Nostalghia "filamu ya usingizi"

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila Nostalghia ya mwongozaji wa Kirusi Tarkovsky (1983) ikitajwa humu, wanakuja watu walewale: inachosha, haina stori, jamaa anatembea tu na mshumaa. Wengine wanasema wazi kabisa kwamba waliipeleka mbele, na bado wanaipa nyota moja! Umeruka nusu ya filamu, unahukumu nini?

Tuanze na huohuo mshumaa. Gorchakov, mshairi wa Kirusi aliyeko Italia, ameombwa na Domenico, mzee mmoja wa huko, avuke bwawa la maji moto la kijiji cha Bagno Vignoni akiwa na mshumaa unaowaka. Domenico mwenyewe kila akijaribu watu wanamtoa, wanamwona chizi. Bwawa limekaushwa, limebaki tope na vidimbwi. Gorchakov anawasha, anatembea polepole, anaukinga moto kwa kiganja na koti. Unazimika. Anarudi hadi alikoanzia. Unazimika tena. Anarudi tena, na moyo wake ni mgonjwa. Dakika kama 9, kamera haikatwi hata mara moja. Hakuna kinachotokea? Mtu anamaliza nguvu zake za mwisho mbele ya macho yenu! Tukio hilo lingekatwakatwa, nani angeogopa ule upepo?

Wanaoniudhi zaidi ni wajuzi wa "picha nzuri, ila haina hisia". Huyu Gorchakov kaenda Italia kufuatilia maisha ya mtunzi wa muziki wa Kirusi aliyesoma huko; mtunzi huyo akarudi Urusi akijua anarudi utumwani, akaishia kwenye pombe na kujinyonga. Kubaki kunamuua mtu, kurudi nako kunamuua. Na Tarkovsky yakamkuta mwenyewe: Julai 1984, Milano, alitangaza kwamba harudi Umoja wa Kisovieti. Mwanawe alizuiwa kule hadi Januari 1986, baba tayari ana saratani. Desemba mwaka huohuo akafia Paris. Mnasema haina hisia?

Kutoipenda ni haki yako. Ila taja tukio, sema hapa mwongozaji kakosea kwa sababu hii na hii. Mimi naona hotuba ya Domenico kule Roma, juu ya sanamu ya mfalme wa kale Marcus Aurelius, imerefushwa mno, na Eugenia, mkalimani wa Gorchakov, kaonewa, mwanamke msomi kapewa kazi ya kulalamika tu. Hayo tubishane hata usiku kucha. Lakini uzi mwingine wa "nililala dakika ya 20" ukifunguliwa humu, naomba wasimamizi waufute.