Tupeane uzoefu: msimu wa kunyoa kondoo unakaribia, mnajiandaaje?

Baba Njabini
Wakuu, habari za shamba. Leo nimetoa makasi darini nikakuta yameshika kutu, nikakumbuka Januari haiko mbali. Huku Kinangop tunanyoa Januari na Februari, jua likiwa limekolea. Nina kondoo aina ya Corriedale, Hampshire kadhaa na dume la Merino aliloniletea shemeji. Kila mmoja ana tabia yake ukimshika. Wenye kondoo wa aina mchanganyiko, karibuni tupeane uzoefu.

Fundi Makasi
Mimi ndiye huitwa mashambani kunyoa, Timau mpaka Mau Narok. Naomba vitu viwili tu. Kwanza, kondoo wafungiwe tangu jioni bila majani. Aliyeshiba ukimkalisha kwa makalio, tumbo linabana mapafu, anahema, anarusha mateke, na hapo ndipo makasi yanapokula ngozi. Pili, wawe wakavu. Sufu yenye umande ukiifunga inapata joto ndani na kuoza.

Merino ndiye mtihani. Shingoni ana makunyanzi, na usipoivuta ngozi kwa mkono wa kushoto ikanyooka, unaikata pamoja na sufu. Corriedale ametulia, ngozi laini. Hampshire ni uzito tu, anavunja mgongo. Na jike lolote, ukifika tumboni funika chuchu kwa kiganja. Nimeona jike limekatwa chuchu na kijana mwenye haraka, likizaa titi hilo halitoi kitu.

Mama Sufu
Fundi umesema kweli tupu. Niongeze: msimkamate kondoo kwa kuvuta sufu. Nyama inavilia damu chini ya ngozi. Mkono mmoja kidevuni, mwingine ubavuni.

Dorper Damu
Samahani wakuu, lakini mnajitesa bure. Bei ya sufu hailipi hata chai ya mnyoaji. Leteni Dorper, manyoya yanapukutika yenyewe, mwanakondoo anakua haraka, unapeleka sokoni. Watu wa Afrika Kusini waliliona hilo tangu miaka ya 1930 walipomchanganya Dorset Horn na yule kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi.

Mama Sufu
Dorper Damu, mada ni kunyoa. Hao Dorper wa huku wengi wamechanganywa na Corriedale, wanabaki na blanketi mgongoni mpaka uwanyoe kwa lazima. Na sufu ina pesa ikiwa safi. Kikundi chetu tunasokota, tunatia rangi, tunafuma mazulia. Akina mama wa Nanyuki wamesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Dorper Damu
Kikundi kimoja, mama. Sisi wengine tunauza kwa nani?

Morani wa Longido
Kondoo wetu mwekundu wa Kimasai hanyolewi, na minyoo ya tumbo anaihimili kuliko hao wote mliowataja.

Dorper Damu
Lakini ni mdogo.

Morani wa Longido
Mdogo, lakini baada ya mvua ndefu bado namhesabu zizini. Wa kwako je?

Binti wa Mlimani
Nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo Januari ya Baba Njabini imenigusa mahali. Kwetu walinyolewa Julai.

Mnunuzi alikuja na lori akasema akipata sufu wiki ile analipa taslimu, vinginevyo mpaka mwaka ujao. Marehemu baba alikataa. Yule bwana akawapitia kaka zangu, nao wakamlainisha baba. Wakanyoa kutwa, jua likiwaka. Saa kumi na moja ukungu ukashuka kutoka milima ya Nyandarua, saa mbili usiku mvua ya upepo. Zizi letu halikuwa na paa upande mmoja.

Kilichomwamsha mama ni ukimya. Kondoo usiku hukohoa, hucheua, husukumana. Usiku ule hapakuwa na sauti. Tulipofika na taa tukawakuta wamerundikana kona moja. Wa juu wanatetemeka, wa chini wameshakufa kwa kubanwa. Tukawabeba waliobaki mpaka jikoni, mama akachochea kuni, tukawavika magunia tuliyotoboa matundu ya miguu. Mdogo wangu alivua sweta yake ya shule akamvika mwanakondoo. Majike kadhaa yenye mimba yaliyopona yalitupa mimba wiki ile.

Asubuhi mnunuzi alirudi, akapakia sufu, akahesabu pesa juu ya boneti. Mizoga ilikuwa pale pale, hakuuliza.

Baba Njabini
Pole sana binti yangu.

Kijana wa Molo
Pole dada. Hata sisi baridi ya Julai tunaijua.

Mchungaji Mstaafu
Huyo mnunuzi angekuwa kwetu angelala njaa siku hiyo. Binti, wakishanyolewa walisheni vizuri jioni ile ile, nyasi kavu tele. Kondoo anapata joto kwa kula.

Dorper Damu
Pole sana dada yangu. Hapo sina la kubishana.

Kijana wa Molo
Na kuwaogesha kwa dawa ya wadudu je? Baba yangu huwaogesha siku hiyo hiyo, anasema dawa inafika kwenye ngozi.

Fundi Makasi
Hapana! Vidonda vya makasi havijapona. Paka ayodini kila mkato, subiri wiki mbili au zaidi, ndipo uogeshe, tena asubuhi ya jua.

Mchungaji Mstaafu
Mimi nimeogesha siku ile ile maisha yangu yote.

Fundi Makasi
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kondoo wangu sikupi.

Mama Sufu
Msinyoe jike lililobakiza wiki chache kuzaa. Nyoeni mkiani na kuzunguka chuchu tu, mwana apate pa kunyonya, mwili mzima baadaye. Na msiwape chumvi ya ng'ombe, ile shaba yake inaua kondoo polepole.

Baba Njabini
Asanteni. Mama Sufu, sufu yenyewe niiweke kwenye nini? Nina magunia ya nailoni ya mbolea.

Mama Sufu
Usithubutu. Nyuzi za nailoni zinaingia kwenye sufu, na ukisokota hazitoki. Tandika turubai safi, tenga ya tumbo na yenye mavi, iliyobaki funga kwenye mashuka ya pamba makuukuu. Na usimtie kondoo alama ya rangi ya mafuta mgongoni, haisafiki.

Kijana wa Molo
Kwetu wote wana alama nyekundu mgongoni tayari.

Mama Sufu
Basi hiyo sehemu ikateni mbali, mniletee iliyobaki.